Morris Minor: kwanza lisimame, ndipo liende

Anayetaka kulifufua Morris Minor na kulirudisha barabarani aanze kwa kuinua zulia la upande wa dereva. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha bati kilichokazwa kwa skrubu. Kikifunguliwa, kinaonekana kizibo cha masta silinda ya breki, iliyojificha ndani ya mhimili wa chesisi karibu kabisa na kisigino cha anayeendesha. Hapo ndipo mafuta ya breki yanapoongezwa. Mafuta hayo yana njia moja tu kwenda magurudumu yote manne, kwa hiyo paipu moja ikipasuka gari zima halina breki. Na masta silinda yenyewe ikitaka kutolewa, fundi inambidi kwanza alegeze na kusogeza ufito mrefu wa chuma unaofanya kazi ya springi ya mbele, maana ufito huo unazuia bolti zisitoke. Kwa mwenye Toyota ya siku hizi, kubadilisha masta silinda ni kazi ya asubuhi moja. Hapa inaweza kula siku nzima, na ndiyo sababu yako magari mengi ambayo sehemu hiyo haijaguswa kwa miaka na miaka.

Nimeanza na masta silinda kwa makusudi. Wapenzi wa magari ya zamani wakikaa pamoja, mazungumzo hukimbilia injini: ni sisi (cc) ngapi, ina kabureta ngapi, inafika spidi gani. Naona tunaanzia mwisho. Gari hili lilibuniwa wakati Uingereza haina hata kilomita moja ya barabara kuu za njia nyingi zinazoitwa motowei. Ya kwanza ilifunguliwa Desemba 1958. Leo linaingia katikati ya malori mazito na magari madogo yanayosimama kwa pedeli kuguswa tu. Likishindwa kusimama sambamba na hayo, uzuri wake wote ni hatari kwa waliomo na kwa walio nje. Swali la kwanza ni kama linasimama. La pili ni kama bodi yake ni nzima. La nguvu linaweza kungoja.

Morris Minor lilionyeshwa kwa umma Oktoba 1948, kwenye maonyesho ya magari ya Earls Court, London. Vita vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, petroli na vyakula kadhaa vilikuwa bado vinatolewa kwa mgawo. Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mhandisi aliyezaliwa 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, na ambaye 1959 aliwapa Waingereza Mini. Kazi aliianza wakati wa vita, na gari la majaribio likaitwa Mosquito. Karibu na mwisho Issigonis aliliona jembamba mno. Akaamuru likatwe katikati kutoka mbele hadi nyuma, nusu mbili zikasogezwa mbali mbali mpaka jicho lake likaridhika. Nafasi iliyoongezeka ilikuwa inchi 4, kama sentimita 10. Bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, kwa hiyo katika magari ya mwanzo zilikatwa na kuungwa kwa kipande katikati, na boneti ikapata ule mkanda bapa unaoonekana mpaka leo ukisimama mbele ya gari. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda hata kidogo. Inasimuliwa kwamba alilifananisha na yai lililopikwa bila ganda.

Wanunuzi waliona vingine. Mwishoni mwa 1960 Minor lilikuwa gari la kwanza la Kiingereza kufikia idadi ya milioni moja, na kampuni ikasherehekea kwa kutoa magari yapatayo 350 ya rangi ya zambarau hafifu. Utengenezaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 1.6. Wauguzi wa vijijini waliyaendesha kuzungukia wagonjwa, polisi walifanyia doria yaliyopakwa buluu na nyeupe, posta ilibebea barua magari ya mizigo yaliyotokana nayo. Hilo nalipa uzito mkubwa. Minor lilizaliwa kuwa gari la kazi, la mtu wa kipato cha kawaida, na kulifungia ndani ya banda likingoja kupigwa picha mara mbili kwa mwaka ni kulinyima kazi yake.

Lakini ili litumike, bodi kwanza.

Minor halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesisi: mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa hadi yakabeba uzito wote. Chini ya viti vya mbele, kutoka ubavu hadi ubavu, unapita mhimili mmoja ambao ndiyo roho ya gari. Ule ufito wa chuma nilioutaja uko mmoja kila upande: fito hizo mbili zinaanzia kwenye magurudumu ya mbele, zinarudi nyuma chini ya sakafu, na miisho yake inashikwa na mhimili huo. Fito hujisokota kila gurudumu linapopanda na kushuka, na nguvu yote ya kujisokota inamalizikia hapo. Mhimili ukiliwa na kutu, kinachoshikilia upande wa mbele wa gari kinakuwa ni rangi na matumaini. Sehemu za kupigia jeki nazo ziko kwenye ncha zake, kwa hiyo dalili ya kwanza mara nyingi hujitokeza siku ya pancha: jeki inapanda, gari halipandi, bati linabonyea.

Nchini Uingereza adui mkubwa ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Inarushwa na matairi, inaingia ndani ya mihimili iliyo wazi kama mabomba, inakaa humo. Fundi bodi anayejua kazi haangalii rangi. Analala chini na bisibisi mkononi, anadokoa: mihimili miwili ya mbele, sakafu chini ya miguu ya dereva, kingo za chini ya milango, na pale springi za nyuma zinapofungwa. Mlio wa chuma kizima ni mkali. Chuma kilichokwisha hutoa mlio mzito, na mara nyingine bisibisi inaingia mpaka mpinini. Ubaya ni kwamba mengi ya magari haya yalikarabatiwa kwa haraka miaka ya nyuma ili yafaulu ukaguzi, kiraka kikawekwa juu ya kiraka, kikapakwa lami nyeusi. Ukianza kubandua unakuta matabaka, na chini kabisa vumbi jekundu.

Hapa hakuna njia ya mkato. Kilichooza hukatwa hadi kwenye chuma kizima, na kipande kipya huchomelewa. Tena kabla ya kukata kingo za chini ya milango, lazima bodi iegemezwe sawasawa na milango iwe imefungwa mahali pake, fundi akipima mara kwa mara nafasi kati ya mlango na nguzo. Asipofanya hivyo gari litanepa katikati, na siku ya kulishusha milango haitafunga tena. Nimesoma na kuona kazi nyingi zilizoharibika katika hatua hii moja, na haikosi kuniuma, kwa sababu kosa hilo halirekebishiki kwa rangi nzuri.

Mabati mapya yapo, na hadithi yake inafaa kusimuliwa. Katika mji wa Bath kulikuwa na mtu aitwaye Charles Ware, aliyeanzisha kituo cha Morris Minor na 1982 akatoa kitabu cha kutetea gari la kudumu. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Gari jipya linapoteza thamani kila mwaka hata likiwa limeegeshwa. Minor lililokarabatiwa vizuri linadai fedha ya matengenezo, lakini thamani yake inabaki, na kila kipande chake kinaweza kubadilishwa na fundi wa kawaida. Baadaye alishirikiana na watu wa Sri Lanka, nchi ambako Minor lilikuwa bado linatumika kila siku, na huko mabati ya bodi yakaanza kutengenezwa na kusafirishwa hadi Uingereza. Gari la Kiingereza likarudishiwa uhai kwa vipande vilivyokunjwa Asia. Sidhani kama kuna ushahidi mzuri zaidi kwamba maarifa ya kutunza gari huhamia walipo watu wanaolihitaji.

Bodi ikishasimama, tunarudi kwenye magurudumu ya mbele, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo kwa sababu ni jambo la uhai. Gurudumu la mbele la Minor linageuka juu ya nguzo ya chuma yenye nyuzi za skrubu juu na chini. Nyuzi za chini zinazama ndani ya kipande kinachoitwa tranioni. Ukikata kona, nyuzi zinazunguka humo kidogo kidogo, chuma juu ya chuma, na kinachovitenga ni grisi peke yake. Kuna chuchu ya kupigia grisi, na wanaoyajua magari haya hupiga kila kilomita 1,600 hivi. Ikisahaulika, nyuzi zinakwisha kimyakimya, mpaka siku moja nguzo inachomoka na gurudumu linalala chini ya madigadi. Mara nyingi hutokea gari likiwa polepole, linapogeuzwa kwenye maegesho, lakini hakuna anayepewa ahadi hiyo. Ukinunua Minor na hujui historia yake, nunua tranioni mpya kabla ya kununua redio. Chuma hicho kikitunzwa kinakaa miaka mingi sana.

Breki zenyewe ni za dramu magurudumu yote manne. Za mwanzo zilikuwa inchi 7. Injini ilipokuzwa 1962, za mbele zikawa inchi 8. Zikiwa mpya na zimerekebishwa sawasawa zinafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani. Tatizo lake ni mteremko mrefu: dramu ikipata moto inapanuka, mguu unazidi kwenda chini, na gari linapunguza mwendo kidogo zaidi kila pedeli inapokanyagwa. Ndiyo maana breki za diski za mbele ni badiliko ninalolipendekeza bila kusita. Historia imetusaidia hapa, kwani Morris Marina la 1971 lilijengwa juu ya mpangilio wa mbele uliotokana na wa Minor, hivyo vifaa vyake vya diski vinaweza kuhamishiwa kwa ndugu yake mkubwa. Wako pia watengenezaji wanaouza seti kamili mpya. Pamoja na diski, weka masta silinda yenye njia mbili, ili za mbele zikifa za nyuma zibaki, na ikiwezekana ihamishwe kutoka chini ya sakafu hadi kwenye chumba cha injini, fundi aione na dereva aikague kila wiki. Mikanda ya kiti nayo isisahaulike. Magari ya mwanzo hayakuwa nayo kabisa, na mahali pa kuifunga lazima paimarishwe kwa bamba la chuma, isifungwe tu kwenye bati jembamba.

Umeme unafuata. Minor lilitoka kiwandani na dainamo, na ile iliyozoeleka katika magari ya baadaye hutoa ampea 22 tu. Usiku wa mvua, taa zimewashwa, wipa zinakwenda na hita inavuma, gari linatumia zaidi ya linachozalisha, na betri inalipa tofauti. Kwenye foleni ni vibaya zaidi, kwani injini ikiunguruma taratibu dainamo haizalishi kitu cha maana. Alterneta ndogo inatatua yote kwa mchana mmoja wa kazi. Sharti moja: magari haya yalifungwa waya wa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na kabla ya kuunganisha alterneta lazima mpangilio ugeuzwe. Mwenye haraka anayesahau hilo huunguza alterneta mpya dakika ya kwanza. Taa zenye mwanga wa kutosha, indiketa zinazoonekana mchana, na waya mpya badala ya zile zilizokauka na kupasuka, hivi vyote naviweka katika fungu la usalama. Minor la kabla ya 1961 lilitoa ishara ya kukata kona kwa mkono mdogo wenye taa unaochomoza ubavuni. Ni kitu kizuri kukitazama, na wamiliki wengi hukibakiza kifanye kazi huku indiketa za kawaida zikiongezwa.

Mafuta nayo yamebadilika. Injini hizi zilibuniwa kutumia petroli yenye risasi, ambayo ilikinga kingo ambazo valvu za ekzosi hukalia. Uingereza iliacha kuuza petroli hiyo 2000. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006, na afya za watoto wetu zikanufaika. Kwa injini ya chuma ya zamani maana yake ni kwamba valvu zinazama taratibu ndani ya kichwa cha silinda, hasa kwa safari ndefu za kasi. Dawa ni kupeleka kichwa hicho kwa fundi mchonga vyuma aingize pete ngumu mahali pa valvu za ekzosi. Kisha 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ikaanza kuchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inalainisha na kupasua mipira ya zamani, na mpira uliopasuka juu ya ekzosi yenye moto ni chanzo cha kuungua gari. Mipira mipya ya mafuta ni ya bei ndogo kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii.

Sasa injini. Minor lilianza na ya sisi 918, likapata 803 mwaka 1952 baada ya Morris na Austin kuungana, kisha 948 mwaka 1956 na 1098 mwaka 1962. Tatu za mwisho ni za familia moja, inayoitwa A, ambayo utengenezaji wake uliendelea mpaka Mini ya mwisho 2000. Kwa hiyo spea zipo, na ndugu yao mkubwa wa sisi 1275, aliyetumika katika Marina na MG Midget, anakaa mahali palepale bila kukata bodi. Nguvu inapanda kutoka farasi 48 za ile 1098 hadi kama 60. Hiyo inatosha. Gari linapanda mlima bila kubembelezwa, na bado linanguruma kwa sauti yake.

Badiliko linalogeuza safari ndefu kuliko hata injini ni giaboksi. Minor lina gia nne, na kwa kilomita 100 kwa saa injini ya 1098 inazunguka karibu mara 4,000 kwa dakika. Ndani humo mnazungumza kwa kupaza sauti. Giaboksi ya gia tano kutoka Ford Sierra, kwa vifaa vya kuunganishia vinavyouzwa tayari, inashusha mizunguko hadi kama 3,300. Huko Australia na New Zealand wengi wamekwenda mbali zaidi wakatia injini na giaboksi za Datsun, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikipatikana. Nawaelewa, kwani gari linalotembea kwa injini ya Datsun ni bora kuliko linalooza likingoja injini halisi. Ila penye uwezo wa kuchagua, mimi hubaki na familia ya A. Minor ni pamoja na ule mlio wa pampu ya petroli ya umeme, tik-tik-tik, ufunguo unapogeuzwa kabla ya kuwasha. Ni pamoja na saa kubwa ya spidi katikati ya dashibodi, na ekzosi inayokoroma kwa namna yake ya pekee mguu ukiondolewa kwenye mafuta. Anayeyatoa hayo yote ili apate spidi ya gari la kukodi amelipia gharama kubwa kupata kitu alichoweza kukinunua kirahisi.

Kipimo changu ni hiki: badiliko linalookoa maisha lifanywe bila kuomba radhi, na badiliko la starehe lifanywe kwa namna inayoweza kurudishwa. Bolti, si kuchomelea. Vipande vya asili viwekwe kwenye sanduku na kuandikwa. Sheria ya Uingereza nayo inaelekea huko: tangu Mei 2018 gari lililozidi miaka 40 halilazimiki kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita, na mabadiliko ya ekseli na sehemu za mwendo yaliyolenga usalama au ufanisi hayahesabiwi kuwa makubwa. Msamaha huo siupendi sana. Gari lenye mhimili wa namna ile chini ya viti linahitaji jicho la pili kila mwaka, na mwenye hekima hulipeleka kwa hiari yake.

Kwetu Afrika Mashariki magari ya Kiingereza ya zama hizo si mageni. Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, yanalo Austin alilotumia Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru. Minor nayo yaliuzwa huku, usukani kulia kama kwao, na baadhi bado yamekaa nyuma ya nyumba za watu. Faida yetu ni kwamba bara hatuna chumvi ya barabarani, hivyo gari la Arusha au Nakuru huweza kuwa na sakafu nzima kuliko la Bath. La Tanga au Mombasa, penye hewa ya chumvi ya bahari, lidokolewe kwa bisibisi bila huruma. Alterneta, waya, mipira ya mafuta na mafundi wachonga vyuma hupatikana Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bila shida. Tranioni, bushi za mbele na raba za milango ziagizwe Uingereza mapema, kabla ya bodi kuanza kukatwa, maana gari lililokaa juu ya mawe miezi kadhaa likingoja mzigo huanza kushika kutu upya palepale palipokwisha kukwanguliwa.